Muulize Safety: Wamesaini, wamekunywa soda, kava la mashine limetolewa tena

Toleo hili nimeamua nijibu maswali ya aina moja tu maana yamerundikana, wote mnauliza kuhusu mafunzo ya usalama kazini, wengine mnaofundisha mnalalamika watu hawaelewi, wengine mnaofundishwa mnalalamika mnachoshwa. Nimechanganya makusudi ili kila upande usome wa mwenzie. Barua nimezifupisha na majina nimetoa, najua mabosi nao wanasoma hili gazeti.

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni ofisa usalama kwenye kiwanda cha kusaga plastiki huku Vingunguti, nina miaka 26. Kila mwezi naandaa mafunzo, slaidi nimezipanga vizuri kabisa, sheria zipo, picha za ajali zipo. Wafanyakazi wengi ni wababa wa miaka 45 kwenda juu. Nusu saa haijaisha wa mbele anasinzia, wa nyuma yuko kwenye simu, mwisho wanasaini fomu wanachukua soda na sambusa wanaondoka. Kesho yake napita kwenye krasha, ile mashine ya kusagia, nakuta kava limetolewa, mtu anachomoa plastiki iliyokwama kwa mkono. Nikimwambia ananijibu "sawa mwanangu", nikigeuka tu anaendelea. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na kazi. Kwanza toa kichwani kwamba huyo mzee hajaelewa. Kaelewa vizuri tu. Anajua kile kisu kinakata, na kama yuko kwenye krasha muda mrefu basi anamjua mtu ambaye vidole havijatimia, na we unakuja kumwonesha picha ya kidole cha Mzungu kwenye projekta. Unamwambia anachokijua, afu kile ambacho we hukijui hujamuuliza, yaani kwanini anatoa kava.

Fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kwenye ile krasha bila karatasi, bila kalamu, simama naye lisaa limoja. Msalimie kama unavyomsalimia baba yako. Angalia inakwama mara ngapi. Angalia kava limefungwa na bolti ngapi na spana iko wapi. Mi nimeshakuta kiwanda kava lina bolti nne, spana anakaa nayo fundi wa zamu, na fundi wa zamu yuko jengo la pili anakunywa chai. Sasa mashine inakwama kila baada ya muda mfupi, ukimsubiri fundi robo saa imekwenda, na jioni msimamizi anahesabu viroba, hahesabu vidole. Hapo hata wewe na diploma yako ungetoa kava, tena ungelificha nyuma ya pipa lisikusumbue.

Kwahiyo kabla hujaandaa slaidi nyingine nenda kwa meneja umwambie kava liwekwe bawaba na swichi, likifunguliwa tu umeme unakata. Siyo teknolojia ya kutisha, mafundi wa hapa hapa mjini wanafanya. Mafunzo hayawezi kushinda mashine iliyopangwa vibaya na hesabu ya viroba, hilo uliweke wazi mapema kwa bosi maana ajali ikitokea watasema "lakini si alifundishwa, sahihi yake hii hapa".

Ukishamaliza hilo, sasa ndo ufundishe, na ufundishie pale pale kwenye mashine, siyo ukumbini. Chukua watu sita au saba, siyo arobaini. Anza na swali moja tu: "Wazee wangu, ikikwama mnafanyaje?" Afu nyamaza. Mwanzoni watakupa jibu la kukufurahisha, la kwenye slaidi zako. Subiri. Atatokea mmoja atacheka, aseme hapana bwana tusidanganyane, huwa tunafanya hivi na hivi. Hapo darasa limeanza. Waache wabishane, mmoja atasema yeye anazima kabisa, mwenzie atamwambia kuzima haitoshi kisu bado kinazunguka, na ni kweli, kile kisu kizito ukikata umeme kinaendelea kuzunguka kwa muda, wengi wameumia hapo hapo na mashine "imezimwa".

Afu mpe kila mmoja kufuli mkononi. Siyo kumwonesha, mpe. Azime swichi kubwa, afunge kufuli kwenye swichi, funguo aitie mfukoni mwake mwenyewe, asimpe mtu hata awe foremani. Abonyeze kitufe cha kuwasha ahakikishe kweli haiwaki. Asubiri kisu kisimame akikiona kwa macho. Ndo atoe plastiki, tena kwa kijiti au ndoano, siyo vidole. Akimaliza amfundishe anayefuata kwenye mstari, we kaa pembeni usahihishe tu pale inapobidi. Yule mzee wa "sawa mwanangu" ndo umpe aanze. Akishawafundisha wenzake mbele yako hatapenda waje wamkute kesho anafanya kinyume, watu wazima tunajali sana hilo.

Hili siyo mawazo yangu tu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 95 za mafunzo ya usalama, wafanyakazi jumla karibu 21,000, wakalinganisha njia za kufundishia. Yale mafunzo ambayo mtu anashika, anajaribu, anaulizwa na kurekebishwa yalikuwa na nguvu kama mara tatu kuliko ya kukaa kusikiliza au kuangalia video, kwa upande wa mtu kujua na kuweza. Na sisi Tanzania tulilijua zamani. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifikia watu kama milioni mbili, haikuwa mhadhara. Watu walikaa vikundi, wanasikiliza redio pamoja, wanasoma kijitabu, wanajadili kwetu hapa tatizo ni lipi, afu wanatoka wanachimba choo. Waulize wazazi wako. Leo tumeletewa projekta tukasahau kila kitu.

Kitu kingine, hizo picha za damu punguza. Mtu akiona picha ya kutisha anachosema moyoni ni "huyo alizubaa, mi siwezi". Na ukimkuta wa "ajali haina kinga" usimcheke wala usimpe somo la dini. Muulize tu taratibu, ile ya mwaka juzi hapa kwetu, kava lingekuwepo mkono ungepita wapi? Muache ajibu mwenyewe.

Soda na sambusa ziendelee, hizo hazina kosa.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni foremani saiti moja Kigamboni, tunajenga ghorofa tatu. Vibarua wanabadilika kila siku, leo unaye huyu kesho hayupo kapata dili Goba. Kampuni inataka kila mpya apewe mafunzo ya masaa mawili na asome kitabu cha kurasa 18 asaini. Wengine kusoma ni shida na wanaona aibu. Na mimi zege linanisubiri. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri kaka. Masaa mawili kwa kibarua wa siku moja ni kujilinda kwa kampuni, siyo kumlinda yeye. Dakika kumi zinatosha kila asubuhi kabla hamjashika kazi, lakini ziwe za kazi ya LEO. Kama leo mnachimba msingi zungumzieni kuchimba, habari ya jukwaa iache mpaka siku ya jukwaa. Mtu mzima anashika kile atakachokitumia baada ya nusu saa, ukimpa cha wiki ijayo anakuitikia kwa adabu tu.

Nikupe mfano wa kuchimba maana huko Kigamboni ni mchanga, na mchanga unaporomoka bila kuaga. Usiwaambie "mtaro ni hatari". Chukua ndoo ya lita 20, ijaze mchanga wa hapo hapo, mwambie kibarua mmoja mwenye misuli ainyanyue. Ni kilo thelathini na kitu. Afu uliza: mita moja ya ujazo, yaani kiboksi cha mita kwa mita kwa mita, ni ndoo ngapi? Waache wapige hesabu, hawa wanapima zege kwa ndoo kila siku, watakupata: ndoo 50. Yaani zaidi ya tani moja na nusu, na hicho ni kipande kidogo tu cha ukuta wa mtaro. Sasa uliza, ikikuangukia kifuani utapumua? Hapo hamna wa kusinzia. Afu muoneshane wote mkiwa mmesimama ukingoni: udongo mliotoa usirundikwe mdomoni mwa mtaro, ngazi iwepo karibu na anayechimba, ukifika kina cha kifua bila kingo za mbao hamna mtu kuingia mpaka foremani aseme, na lori la kokoto lisipaki karibu. Mwisho mchague mmoja, usimchague mjuaji, mchague yule mgeni wa leo kabisa, umwambie "hebu tuelezee tena kwa maneno yako". Akikosea wenzake watamrekebisha na we utajua wapi hapajaeleweka. Hilo la kurudisha maelezo linazidi sahihi mia.

Siku ya jukwaa fanya hivo hivo, nendeni mpaka kwenye mirunda yenyewe, kila mtu atikise nguzo moja, atafute kamba iliyolegea au ubao uliochoka. Akiupata mpongeze mbele za watu. Waache watafute wenyewe, usiwaoneshe wewe.

Kuhusu kusoma. Usimwambie mtu asome kwa sauti, kamwe, na usiulize "nani hajui kusoma", hatokei mtu akanyoosha mkono. We elezea wote kwa mdomo na kwa vitendo kana kwamba hamna karatasi kabisa, afu karatasi iwe ya ofisi. Kile kitabu cha kurasa 18 mwambie wa ofisini akipunguze kiwe ukurasa mmoja wa michoro, na kiwe cha Kiswahili jamani, nimekiona kimoja hivi karibuni kimeandikwa Kiingereza kitupu kwa watu wanaopiga stori za Simba na Yanga kutwa nzima.

Na yule mgeni wa leo usimwache peke yake, mfunge na mwenyeji mmoja wanaofanya kazi pamoja mpaka mchana. Wageni ndo wanaumia sana siku za mwanzo, hajui wapi pana shimo limefunikwa na plaiwudi, hajui winchi ikipiga kelele ile maana yake nini, na anaona aibu kuuliza asionekane mshamba.

SWALI: Habari dada. Nafanya usafi kwenye ofisi za watu huku Posta, tumeajiriwa na kampuni ya usafi. Tulifanyiwa semina ya kemikali na mtu aliyekuja na Kiingereza kingi, supavaiza akawa anacheka ukiuliza. Juzi mwenzangu kachanganya jiki na dawa nyingine ya choo ili choo king'ae haraka, kakohoa mpaka kalia machozi. Je tulitakiwa kufundishwa nini?

JIBU: Pole sana, na mwenzako mwambie kama kifua bado kinabana au anakohoa usiku aende hospitali, asisubiri, na akifika aseme kabisa alivuta nini. Jiki ina klorini. Dawa nyingi za choo zile kali za kutoa madoa ya kutu na chokaa zina asidi. Ukizikutanisha inatoka gesi ya klorini, sumu, na choo cha ofisini hakina dirisha la maana. Na zile dawa zenye amonia, baadhi za kusafishia vioo, nazo usizikutanishe na jiki. Kwahiyo sheria ya kuibeba kichwani ni nyepesi: dawa moja, suuza kwa maji mengi, ndo ya pili. Ikitokea mmekosea, toka nje kwanza mlango uwe wazi, usirudi "kumalizia kidogo".

Sasa hiyo semina. Kufundisha watu kemikali kwa Kiingereza na kuwacheka wakiuliza, hiyo siyo semina. Mlitakiwa mletewe madumu yale yale mnayoyatumia, yawekwe mezani, kila mmoja ashike moja, aangalie alama zilizopo, ile ya mkono unaolika, ile ya fuvu, ile ya mshangao, aseme anaitumia wapi na huwa anachanganya na nini. Nakuhakikishia ndani ya dakika tano kingetokea kile kisa cha kuchanganya, maana hamfanyi kwa ujinga, mnafanya kwa sababu choo hakitoki na supavaiza yuko mlangoni. Mwalimu mzuri angeuliza kwanini hakitoki, mngemwambia dawa mnayopewa imeongezwa maji sana, na hilo ndo tatizo lenyewe.

Angalieni pia zile chupa. Kampuni zinanunua dawa dumu la lita 20 wanawagawia kwenye chupa za maji ya kunywa, hazina lebo, moja kijani moja bluu, stoo moja na chupa zenu za maji ya kweli. Mkubaliane wenyewe leo hii, msisubiri semina: kila chupa ibandikwe jina kwa Kiswahili kwa maka peni, na chupa ya kunywea isitumike kwa dawa. Gharama yake ni seloteipu.

Supavaiza akiendelea kucheka mpitieni mwakilishi wa wafanyakazi kwenye mambo ya usalama, sheria ya usalama na afya kazini, namba 5 ya mwaka 2003, inataka wawakilishi hao wawepo. Na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanapokea malalamiko.

SWALI: Mimi ni mwenye kampuni, nina ghala Barabara ya Nyerere. Mwaka jana nililipia mafunzo ya moto kwa wafanyakazi wote, vyeti wanavyo. Sasa naambiwa nirudie. Hii si biashara ya watu?

JIBU: Biashara ipo bosi, sikatai, kuna watu wanauza vyeti kama vocha. Lakini nikuombe kitu kimoja. Leo kabla ya saa sita nenda ghalani, mwite mtu yeyote mwenye cheti, msimamishe mbele ya mtungi wa moto wa ukutani, mwambie "hapo kwenye maboksi panawaka, fanya". Usimsaidie. Tazama mikono yake inaenda wapi.

Wengi watabonyeza mkono wa mtungi na pini haijatolewa, wataminya wee, na kwenye taharuki ukiwa umeukamata kwa nguvu hiyo pini hata kuichomoa inakuwa ngumu. Wengine watalenga moto kwa juu badala ya kwenye shina lake. Alifundishwa, ila hajawahi kufanya, na mwaka umepita. Kusahau ndo ubongo ulivyo, Mjerumani mmoja anaitwa Ebbinghaus alijipima mwenyewe akaandika mwaka 1885 kwamba tunapoteza sehemu kubwa ya tulichojifunza haraka sana mwanzoni, afu kasi inapungua. Dawa yake ni kukumbushia kidogo kidogo kwa kuachana siku, na kukumbushia kunakofanya kazi zaidi ni kule ambako mtu anajaribu kukumbuka mwenyewe bila kusomewa tena.

Kwahiyo usilipie siku nzima nyingine. Mitungi yako ikifika muda wa kujazwa upya, na lazima ifike, usiipeleke ikiwa imejaa. Waite watu, nendeni sehemu ya wazi nje upepo ukiwa mgongoni, kila mmoja atoe pini, alenge chini, aminye, afagie kulia kushoto. Watacheka watachafuka na lile vumbi jeupe, afu ndo upeleke ikajazwe, umeshalipia tayari. Kama unao mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi kwa ajili ya paneli za umeme waoneshe utofauti wake, na waambie wasishike ile pembe yake ya mbele maana inaganda baridi kali. Kila baada ya miezi kadhaa uliza swali moja tu kwenye kikao cha asubuhi: nani anapiga 114, nani anakata umeme, tunakutania wapi. Na kama mlango wa nyuma una makufuli kwa ajili ya wezi, mafunzo yoyote yale hayatawatoa watu humo ndani. Huo mlango ndo uanze nao.

SWALI: Binti yangu, mimi nachomelea pale Gerezani, Kariakoo, tangu mwaka 1989. Sasa tukipata kazi kwenye kiwanda cha watu tunalazimishwa kukaa darasani na kijana wa juzi. Atanifundisha nini? Moshi nimeshauzoea, nakunywa maziwa jioni, niko fiti.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kuhusu kuunganisha chuma huyo kijana hana cha kukufundisha, na kama ana akili atakuomba we uelezee wenzako jinsi ya kuchomelea tenki bila kulilipua. Usipoombwa jitolee, ukikaa nyuma umekunja mikono hasara ni ya wale wadogo.

Ila kwenye maziwa nitakubishia kwa heshima. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu, hawakutani. Nikuulize, ukichomelea mabomba ya galvanaizi au mabati, yale ya kung'aa, hujawahi kurudi nyumbani jioni ukapata homa, baridi inakutetemesha, mdomoni ladha ya chuma, asubuhi ya pili unaamka mzima? Wengi wanasema malaria imenipitia, wanakwenda duka la dawa wananunua dawa ya malaria bila kupima, na wakipona wanasifia dawa. Ile ni homa ya moshi wa zinki, inakuja baada ya masaa machache na kuondoka yenyewe ndani ya siku moja au mbili, ndo maana kila tiba inaonekana imefanya kazi, maziwa yakiwemo. Homa ukiipata upime, usibahatishe, inaweza kuwa malaria kweli. Lakini kwenye galvanaizi isage kwanza ile rangi ya kung'aa sehemu utakayounganisha, kaa upepo unatoka ubavuni uupeleke moshi mbali, usiinamie juu yake, na barakoa ya kitambaa haizuii huo moshi, inatakiwa ile yenye filta za moshi wa chuma.

Na huyo kijana nikimpata nitamwambia asikuambie "acha maziwa". Anywe nawe hayo maziwa, afu akuulize ile homa ya jioni huwa inakuja siku za kazi gani.

SWALI: Anti, HR wetu anapima mafunzo kwa kuhesabu waliohudhuria na mtihani wa maswali kumi. Wote tunapata kumi. Hii inaonesha kitu?

JIBU: Inaonesha mmekaa karibu karibu. Mwambie baada ya wiki tatu ashuke chini kwenye kazi bila kuaga, aangalie kile kilichofundishwa kinafanyika au hakifanyiki, aandike, arudi tena. Na ahesabu taarifa za "nusura": boksi lililodondoka bila kumpiga mtu, foko, ile gari ya kunyanyulia mizigo, iliyomkosa mtu kwa shubiri. Baada ya mafunzo mazuri hizo taarifa mara nyingi zinaongezeka, asishtuke akaanza kutafuta mchawi, ni kwamba watu wameanza kusema. Akimkata mtu mshahara kwa taarifa ya kwanza tu basi hataletewa ya pili.

SWALI: Mafunzo wanatuwekea Jumapili, bila malipo, wanasema ni kwa faida yetu. Ni sawa? Natokea Chanika, nauli juu yangu.

JIBU: Siyo sawa. Usalama ni sehemu ya kazi, ufundishwe ndani ya saa za kazi au ulipwe hizo saa pamoja na nauli. Na kifaida hata wao wanapoteza, mtu aliyeamka alfajiri Jumapili kagombania daladala kutoka Chanika, hajaenda kanisani, kichwani anawaza nauli ya kurudia, hamna atakachokishika hapo. Mwambieni HR kwa pamoja, msimtume mmoja, mpendekeze Jumanne asubuhi, dakika ishirini za mwanzo wa zamu.